Uzi Mweusi kwenye Pembe

3 Machi

Mke mwenzangu,

Hivi mguu wako umeota mizizi huko ulikokwenda? Tangu uondoke paka wangu amezaa, watoto wake wamezaa, na hao wajukuu wa paka wanakuja kunisugua miguu kila asubuhi. Wewe mjukuu wa damu hata kivuli chako hakijapita mlangoni. Haya, na salamu ninakupa kwa shingo upande.

Kijikaratasi chako kimefika. Mistari mitatu kama risiti ya dukani: uko hai, kazi umeacha, barua zipitie sanduku hili la posta. Nikamwambia mama yako mdogo ageuze nyuma, labda mengine umeyaandika huko. Akageuza. Kulikuwa kweupe pe. Mimi niliyekulea mama yako alipotutoka, nikashona magodoro ya watu na wewe umelala mgongoni, ninastahili mistari mitatu?

Anayeniandikia hapa ndiye huyo mama yako mdogo. Unanijua, kalamu na mkono wangu hawajawahi kusalimiana. Yeye ndiye macho yangu siku hizi. Mimi ninatema maneno, yeye anayaokota.

Sisi hatujambo, ila goti la kushoto limeamua kuishi maisha yake. Fundi viatu wa njia panda, yule mwenye kidevu cha mbuzi, bado anashona soli na bado anadanganya kwamba zitadumu. Kazi ipo. Sufi imepanda bei lakini watu hawajaacha kulala. Mama yako mdogo kazi yangu haiwezi, akiingia chumba cha sufi anapiga chafya mpaka kuku wanakimbia. Siku nikifa shazia yangu itabaki yatima, maana aliyejua kuishika sindano kubwa vile ni wewe tu.

Habari kubwa ni paa. Mama yako mdogo ameniezekea mabati mapya nyumba nzima. Unakumbuka tulivyokuwa tunaburuta godoro kutoka kona hii kwenda ile mvua ikinyesha, wewe umeshika ndoo, mimi nimeshika taa? Yamekwisha hayo. Mabati ya zamani tumeyaegemeza nyuma ya choo. Sasa mvua ikija ninalala chali na kuisikiliza kama muziki. Majirani wanasema bibi umeula. Ninawajibu kwamba nina binti.

Sasa niambie. Kazi umeachaje, na unalala wapi? Usinijibu kwa mistari mitatu. Nitakuja huko na goti langu hili bovu.

Bibi yako


29 Machi

Bibi yangu, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nimesimama, halafu nimekaa, halafu nimeisoma tena. Pole na goti. Msalimie fundi viatu, mwambie viatu alivyonishonea kabla sijaondoka ndivyo nilivyokimbia navyo, na soli haikubanduka. Kwa hilo namsamehe uongo wake wote.

Mama mdogo, shikamoo na wewe. Najua unaisoma hii kimoyomoyo kwanza. Nakuomba jambo moja tu, na sitakuomba tena: msomee bibi kama nilivyoandika.

Bibi, ile haikuwa kazi. Siku nilipofika yule mama alichukua kitambulisho changu, akasema atanitunzia. Simu nayo akanitunzia. Mlango wa nje ulikuwa na kufuli kwa ndani, na ufunguo aliuvaa shingoni. Mwanzoni nilikuwa naosha na kupika. Baadaye wakawa wanakuja wageni wake, wanaume, na kazi niliyopewa hapo sitaiandika kwenye karatasi utakayoishika wewe. Nilipokataa nilinyimwa chakula. Nilipokataa tena alinyimwa chakula dada mwingine aliyekuwa mle ndani pamoja nami, na mimi nikalazimishwa kumtazama. Sikukataa mara ya tatu.

Nilitoka siku fundi bomba alipokuja na mlango ukasahauliwa. Sikuwa na pa kwenda. Nililala kwenye mabenchi ya hospitali, pale wanapongoja wagonjwa wa nje, maana pale hakuna anayemuuliza mtu anamsubiri nani. Niliokota chupa ya chai iliyopasuka kifuniko, nikawa naikumbatia kama jamaa ya mgonjwa. Aliyenigundua ni mama mmoja mfagiaji. Aliniambia, "Mwanangu, hiyo chupa yako sijaiona ikitoa mvuke." Basi nikalia. Yeye ndiye aliyenileta hapa.

Hapa ni nyumba ya wanawake waliotoka walikotoka. Geti halina maandishi. Ilipo siruhusiwi kusema na sitaki kusema. Wengi wetu tunalala na viatu miguuni. Msimamizi hatukatazi, anatuomba tu tufute soli. Ni mwanamke mkali mwenye sauti ndogo, ungempenda. Lakini hapa mtu hakai daima. Vitanda ni vichache na wanaobisha ni wengi, kwa hiyo baada ya miezi michache lazima uwe na mlango mwingine wa kuingia. Bibi, mlango ninaoujua duniani ni wako tu. Niambie kama naweza kuja.

Ila kabla hujaniambia, kuna jambo yule mama mwajiri alilonitamkia, kuhusu nilivyofika kwake. Sitaliandika mimi. Mama mdogo, hilo nakuachia, umwambie bibi kwa mdomo wako.

Na namba ya sanduku hili asipewe mtu yeyote. Yeyote yule.

Mjukuu wako


20 Aprili

Mke mwenzangu,

Marahaba, na leo ninakuitikia kwa moyo mweupe. Barua yako mama yako mdogo amenisomea mara mbili, mara ya pili nikiwa nimefumba macho ili nikuone vizuri. Kumbe nilikuwa ninakonda bure. Kumbe yule mama mwajiri amekuaga kwa wema na amekutafutia mahali pa kujifunza kushona, mnalala wasichana watupu katika bweni safi. Mungu ampe maisha marefu. Huo mgongo unaokuuma ni wa kuinama kwenye cherehani. Jinyooshe ukutani asubuhi, visigino na kisogo viguse ukuta, ndivyo ninavyofanya mimi.

Umesema usije kwanza mpaka umalize mafunzo. Sawa. Nimenuna kidogo, nikanunua sukari, kununa kukaisha. Soma mwanangu. Mimi nisiyesoma ninaona faida yake kila siku, maana bila mama yako mdogo barua yako ingekuwa kwangu kama nyayo za kuku kwenye majivu.

Habari za hapa: mvua imenyesha wiki nzima na mimi nimelala kavu kama biskuti. Fundi viatu alikuja kujikinga mvua barazani, akaanza kunisifia mabati kama mtu anayeposa. Nimemwambia aanze kwa kunirudishia nyundo yangu.

Jambo jingine. Mama yako mdogo amesema nguo zako nyingine zilibaki kwa yule mama, lile gauni la kijani nililokununulia mimi likiwemo, na yule mama anahangaika azitume wapi. Nikamwambia, sasa tatizo liko wapi, mpe namba ya sanduku la posta. Ameshampa. Kwa hiyo ukipata mzigo usishangae. Gauni lile livae, usiliweke sandukuni likaliwe na mende.

Bibi yako anayekupenda kuliko goti lake zima

Nami mama yako mdogo ninaongeza hapa chini. Bibi ana presha, daktari amesema asishtuliwe. Barua kama ile usiandike tena. Kama unampenda, nyamaza. Mambo yalikuwa magumu, wewe hukuwepo kuona paa lilivyokuwa. Kila mtu amelipa kwa namna yake.


17 Mei

Bibi yangu, shikamoo.

Mimi sijambo. Mgongo umepungua, nimefanya ya ukutani kama ulivyosema.

Nafurahi umelala mkavu.

Nimekutumia kijimto nilichokishona mwenyewe kwa mkono. Sufi nilipewa na jirani wa hapa. Kiweke chini ya goti ukilala. Mkono wangu umekuwa mzito, kwa hiyo kiangalie vizuri kabla hujakilalia, kama ulivyokuwa unaangalia kazi zangu nilipokuwa mdogo.

Mama mdogo, shikamoo. Nimekusikia.

Mjukuu wako


4 Juni

Mjukuu wangu,

Huu ni mwandiko wa fundi viatu, usiuogope. Anaandika kwa penseli ya kupimia soli na ameniapia kwa kaburi la mama yake kwamba ataandika ninachosema, hata kikiwa kichafu. Salamu leo ni fupi. Kama u hai unaisoma hii, basi nimesalimika.

Kijimto kilifika. Mama yako mdogo ndiye aliyekitoa posta, akakibonyeza mbele yangu kama anayepima parachichi, akanusa, akasikiliza kama ndani kuna karatasi. Hakuna. Akanipa, akasema mjukuu wako ana adabu. Nikakipeleka dirishani kuangalia mkono wako. Mishono ya pande zote ilikuwa myeupe, safi, imelala sawasawa. Kwenye pembe moja, uzi mweusi.

Fundi ananiuliza hapa uzi mweusi una nini. Ninamweleza kama nilivyokueleza wewe hujafika hata kiunoni kwangu. Mteja akileta godoro zuri kwa nje, na mkono wako ukakuta ndani sufi imevunda, unatia uzi mweusi kwenye pembe, lisije likachanganyika na mazima likauzwa. Maana yake ni usiamini kitambaa, fumua. Hiyo ni alama ya chumba cha sufi, na chumba cha sufi tuliingia wawili tu.

Nikafumua. Sufi yako ilikuwa kavu, nyeupe, nzuri kuliko ninayouza mimi. Nikakaa chini. Nikajiuliza, kama kijimto ni kizima, kilichooza ni kipi? Kutoka kwako kimeingia nini kingine humu ndani? Barua tu, na barua nilizionja kwa ulimi wa mtu mwingine. Nikangoja mama yako mdogo aende sokoni, nikazitoa chini ya godoro, nikaenda njia panda na goti langu.

Fundi alisoma. Nilimwambia asiruke. Alipofika kwenye chupa ya chai isiyotoa mvuke akasimama, akasema ana vumbi machoni. Ana vumbi machoni tangu nimjue na siku zote anaona. Nikamwambia endelea. Akaendelea mpaka pale ulipoomba mlango wangu, na mimi nilikuwa nimekujibu nimelala kavu kama biskuti.

Jioni nikamwambia mama yako mdogo, naomba nisomee tena ile barua ya Machi, nimeikumbuka. Akaichukua. Akasoma bweni, akasoma cherehani, akasoma mwajiri mwema, hakukosea hata neno moja, kama mtoto aliyekariri shairi la kumpendeza mwalimu. Nikamwacha amalize. Nikasema, "Sasa nisomee na ile yenye chupa ya chai."

Mtoto wangu alikunja karatasi polepole. Alikunja mpaka ikawa ndogo kama stempu. Halafu akasema neno moja ambalo sitalitia kwenye barua hii, na mimi nilimjibu neno ambalo fundi amekataa kuliandika.

Ameondoka. Nimetoa kitasa cha mlango na kutia kingine. Wahenga wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba ukizivua hizo nguo unabaki uchi.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo moyo unaponikimbia. Namba ya sanduku niliitoa mimi. Alinidanganya, ndiyo, lakini aliyesema mpe ni mdomo huu. Wamejua unapochukulia barua. Usiende posta. Usikanyage posta. Na angalia nilivyobanwa: onyo lenyewe sina njia ya kulipitisha ila posta hiyo hiyo. Nimemwambia fundi aandike juu ya bahasha jina la kazi ya yule msimamizi wako, labda ataichukua yeye. Na nimeishona bahasha kwenye pembe kwa uzi mweusi. Ukiuona hata kabla ya kufungua utakuwa umeelewa.

Mlango wangu ni wako. Ulikuwa wako kabla sijaulizwa. Nijibu. Mistari mitatu inatosha, nimefuta maneno yangu yote ya mwanzo.

Bibi yako


28 Juni

Bibi yangu, shikamoo.

Niko hai. Umesema mistari mitatu inatosha, lakini nitakupa zaidi.

Kwenye bahasha yako niliona uzi kabla ya kitu kingine, na nilicheka, Bibi, katikati ya yote nilicheka. Ila ilifika mkononi mwangu ikiwa imechelewa kwa saa moja. Tulikwenda posta na msimamizi kwa gari la mizigo la nyumba. Yeye akashuka, mimi nikabaki kwenye gari, ndiyo kawaida yetu tangu uliponiandikia kwamba namba imetolewa. Nikatazama mlangoni. Sikuona mtu kwanza, niliona gauni langu la kijani. Kuna mwanamume alikuwa amelitundika mkononi, amelikunja vizuri, anamtabasamia kila mwanamke anayeingia, kama mtu aliyeahidiana na mchumba wake. Nililala chini ya kiti. Msimamizi alichukua barua, akapita mbele yake, akamuuliza saa. Alipoingia kwenye gari hakufunga hata mkanda, akaondoka.

Hatukurudi nyumbani moja kwa moja. Tulizunguka mpaka mafuta yakakaribia kwisha. Sanduku limefungwa. Nimehamishwa, kwa sababu nikibaki pale nawahatarisha wote. Sasa niko chumba cha nyuma cha ofisi moja, wanawake wanne, magodoro ya sponji, dirisha linaangalia ukuta. Mmoja wetu hasemi kabisa, tunamwita Jirani, kwa sababu kila tukimwita anasogea karibu. Chumba hiki tumepewa mpaka mwisho wa Julai. Baada ya hapo wana chakula cha kutugawia na ushauri wa kutugawia, lakini mahali hawana. Msimamizi anapiga simu asubuhi mpaka sauti yake inakwisha. Nimeanza kuota mabenchi. Nimeota hata rangi yao.

Barua hii ataileta yeye mwenyewe mkononi. Atataka kuiona nyumba yako. Usigombane naye.

Bibi, umesema mlango wako ni wangu, na nimelilalia neno hilo kuliko sponji yao. Lakini mama mdogo anaujua mlango huo, na wale wanamjua mama mdogo. Hata ukitia vitasa saba. Kwa hiyo usinishike ukanivuta nirudi, maana nitakuja, na nikija watakuja.

Na sikuombi umkane mwanao. Mimi ni mmoja na yeye ni mmoja, na wewe huna wa tatu.

Kuna kitu hujakitaja. Katika barua zako zote za mwanzo ulikuwa hukosi kusifia mabati. Katika hii ya mwisho hakuna hata bati moja. Nadhani ndilo lile neno alilolisema. Kama ndilo, ndilo hilo hilo aliloniambia yule mama: kwamba nisijione nimeibiwa, kwetu wamepata paa. Sikutaka ulijue. Nilitaka uendelee kulala mkavu.

Mjukuu wako


15 Julai

Mke mwenzangu,

Msimamizi wako amefika. Amekaa hapa kwenye kigoda, ananingoja nimalize, na fundi anaandika kwa kasi mpaka penseli inalia. Atakuletea hii mwenyewe. Sikugombana naye. Karibu nigombane.

Aliingia bila kukaa. Akahesabu madirisha, akasukuma mlango wa nyuma kwa bega, akauliza nani alikuwa na ufunguo wa zamani, nani anapita barazani, jirani yupi anapenda kuuliza. Nikamwambia wote wanapenda kuuliza, ndiyo maana ya jirani. Chai hakuigusa mpaka alipomaliza. Akasema, kwa ile sauti yake ya mtu aliyemeza pamba, "Bibi, nyumba yako ina upendo, lakini inajulikana. Siwezi kumlaza hapa."

Nilimchukia kwa muda wa kumeza mate. Halafu nikamwongezea sukari.

Umeniuliza paa. Ndiyo. Ndilo neno lenyewe. Alikunja barua yako, akaangalia juu, akasema, "Mama, ulikuwa unalala majini kila masika. Ulitaka nifanyeje?" Mimi sikuwa nimemwuliza habari ya paa. Alijibu swali ambalo sikulijua. Nikatazama juu nami, na mjukuu wangu, niliona kila bati. Niliona misumari. Tangu siku hiyo ikinyesha sikuwa ninasikia muziki. Nilikuwa ninakusikia wewe.

Kwa hiyo nimelishusha. Nilimwita fundi na shemeji yake wenye ngazi, majirani wakatoka wakidhani nimepata kichaa. Yule wa duka akasema bibi, mabati mazima hayo, bado yanang'aa. Nikamwambia ndiyo maana yanatoka. Nilimpa fundi bure akaezeke kibanda chake, akasema hata kuku wake hatawalaza chini yake. Basi yameegemezwa nyuma ya choo, pale pale yalipokuwa ya zamani, na ya zamani yamerudi juu na matundu yake yote. Jana imenyesha. Nimehama na godoro kona mpaka kona peke yangu, bila mtu wa kushika ndoo, na nimelala usingizi wa kwanza tangu Juni.

Mama yako mdogo sijui aliko. Umesema nisimkane. Sijamkana, nimemfukuza, na hayo mawili hayafanani. Mlango ukilia ninadhani ni yeye, na ninaogopa kuwa ni yeye, na ninaogopa kuwa si yeye. Nilimzaa kwa siku mbili za uchungu na sijapata pa kuziweka. Hilo tuliache hapo. Fundi, usilirembe, acha lilivyo.

Sasa la kwako. Nimemwuliza msimamizi, kama nyumba hii inajulikana, mimi ninajulikana? Akasema una maana gani. Nikamwambia mimi nina shazia, nina gunia la sufi, nina goti moja zima. Fundi wa magodoro hahitaji nyumba ya babu, anahitaji mlango unaofungwa na watu wanaolala. Kaniangalia. Akasema wana kikao kinachotoa kodi ya chumba cha miezi ya mwanzo, mahali mbali ambapo mtu hajulikani, lakini wanawapa kwanza wenye ndugu wa kukaa nao, na wewe uliandika huna ndugu anayeweza kuhama. Nikamwambia afute hilo. Ndugu anaweza kuhama. Ndugu ameanza kufunga mizigo.

Hakuniahidi. Amesema waombaji ni wengi, kikao kinakaa wiki ya mwisho ya mwezi, na wakikataa wamekataa. Nimemwuliza na yule Jirani wenu je, asiyesema. Akasema naye hana mahali. Nikamwambia amwandike naye, chumba kimoja kinaingia magodoro matatu ukiyajaza membamba, na mimi ninasema maneno ya kuwatosha watatu.

Nilizaliwa ndani ya kuta hizi. Babu yako alitokea mlango huu amebebwa, mama yako vivyo hivyo, na mimi nilidhani zamu yangu itakuwa hiyo. Usiku sasa ninapapasa ukuta ili mkono ukariri. Sikuambii ili unionee huruma. Ninakuambia ili usije ukadhani nimeuacha kirahisi ukajiona mzigo, maana ninajua unavyofikiri, wewe uliyekuwa tayari kunyamaza ili mimi nilale mkavu.

Na wakikataa? Nimeliwaza hilo kuliko yote. Wakikataa, benchi la hospitali tutalikalia wawili. Mimi nitakuwa mgonjwa wa kweli, sina haja ya kuigiza, goti linatosha. Wewe utakuwa jamaa yangu. Na chupa ya chai nitaijaza mwenyewe kila asubuhi, atakayepita aone mvuke.

Msimamizi ameangalia saa mara ya tatu. Amekubali jambo moja: kabla ya hicho kikao atakuleta hapa mchana mmoja, kwa gari la mizigo, uje uchague vya kubeba na vya kuacha. Siku hatuiandiki. Utashuka gari likiwa limegusa ukuta wa nyuma, utapitia uwani, na usibishe hodi, maana mlango wa nyuma utakuwa wazi na mimi nitakuwa nimesimama nyuma yake.

Njoo na ndoo. Kubwa, ile ya mikono miwili, maana ninazo mbili tu na masika ya mwaka huu hayajui kwenda nyumbani. Matundu hayajahama, bado unayajua yalipo. Ukiingia, kabla hujanisalimia, iweke pale ulipokuwa unalala.

Bibi yako